Mashabiki wa Mwamuzi

Nani amewahi kusikia mwamuzi ana mashabiki? Gwakisa alikuwa amechezesha mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na kugongana mabega, kwenye viwanja vya sekondari vya Minneapolis na vitongoji vyake kwa zaidi ya miaka ishirini, na kutoka majukwaani hakuwahi kuambulia kitu zaidi ya matusi. Mkewe Bupe alikwenda uwanjani mara moja, akasikia mumewe anaitwa kipofu, akarudi zake nyumbani Fridley amevimba kwa hasira na hakukanyaga tena.

Kiu ya Gwakisa ilikuwa moja tu: kuchezesha fainali ya jimbo kabla hajastaafu. Na msimu huu ndio ulikuwa wa mwisho, magoti yamegoma. Jumamosi hiyo, kwenye mechi ya Brooklyn Park, jukwaani alikaa Margaret, mama wa Kimarekani anayeteua waamuzi wa fainali. Kwa Margaret, mwamuzi bora ni yule ambaye watu wanasahau kama yupo. Gwakisa alimweleza mkewe hayo yote kwa kirefu. Bupe akasikia neno "mwisho" tu.

Basi, kwa Watanzania jambo la mwisho ni shughuli, na shughuli haiendi bila sare.

Robo ya tatu, mchezo ukiwa umesimama kidogo, Gwakisa akasikia vigelegele. Kugeuka, moyo paa! Akina mama wote wa kikundi cha Bupe cha Watanzania wamevaa magauni ya mistari myeusi na myeupe, kama shati la mwamuzi, juu ya makoti ya baridi, wanaingia uwanjani wakicheza. Mbele yao Bupe, anatikisa mabega.

"Mama Pamela, rudini!" Gwakisa akamkemea mkewe.

"Tumekuja kukutunza, baba!"

Afanyeje? Sheria ni sheria. Akachomoa kitambaa cha njano, kile cha kuonyesha kosa, akakitupa miguuni pa mkewe. Bupe akakiokota kwa madaha, akamfuta nacho jasho usoni kama wanavyofutwa maharusi ukumbini. Kwa baridi ile jasho lenyewe lilikuwa wapi? Akafuta kamasi. Vigelegele tena!

Makocha wote wawili wakaja mbio, kila mmoja akiapa kwamba hao si mashabiki wake. Gwakisa alitamani ardhi immeze, lakini kicheko kilikuwa kimeshampanda na hakikuzuilika. Akawasha kipaza sauti.

"Kosa. Mashabiki wameingia uwanjani. Ni wa mwamuzi. Adhabu, kurudi nyuma yadi kumi na tano."

Akajirudisha nyuma yeye mwenyewe, peke yake, hatua kwa hatua, Bupe akimfuata kwa kucheza. Jukwaa likapasuka kwa vicheko.

Mechi ilipokwisha Margaret akashuka. Gwakisa akavua kofia, akijua fainali imekwenda na maji.

"Adhabu ile haimo kwenye sheria," Margaret alisema.

"Najua."

"Na leo kila mtu amekuona."

"Najua."

"Lakini miaka yote hii sijapata mwamuzi wa kumtupia mkewe kitambaa mbele ya watu. Fainali ni yako."

Gwakisa akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, bila aibu. Bupe akamshika mkono Margaret kwa furaha.

"Asante sana, dada. Na siku hiyo sisi tuingilie mlango gani?"