Kivuli cha Saa Sita

Nina kitendawili ambacho wajukuu zangu wamekichoka: nina mwenzangu hali wala hanywi, asubuhi ananipita kimo, mchana ananifika kisiginoni. Jibu ni kivuli. Mtoto anayejifunza kuvaa viatu analijua. Kwa hiyo jirani yetu, mtu mzima mwenye mvi, alipotufanyia hila kwa kivuli hichohicho, damu ilinichemka, na mpaka leo haijapoa vizuri.

Binti yangu ni dobi. Anafua mashuka ya nyumba za wageni, na cha kumkaushia ni jua la uani kwetu, basi. Asubuhi anafua, adhuhuri anaanika, saa tisa alasiri tunaanua na kupiga pasi, maana wenye mashuka wanayataka kabla wageni wao hawajaingia kulala. Ukiwapelekea shuka bichi leo, kesho kazi iko kwa dobi mwingine.

Jirani huyo tunamwita Bwana Zege, kwa sababu hajui kukaa bila kujenga. Anapakana nasi upande wa magharibi, jua linakozama. Alikuwa amemaliza nyumba ya chini, sasa akataka kupandisha ghorofa tatu juu yake, kimo chote mita kumi na mbili. Binti yangu akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kusema kwamba jua lake litaliwa.

Mwenyekiti akaagiza kivuli kipimwe. Siku ya kupima sikuwepo, nilikwenda kumtazama dada yangu mgonjwa. Bwana Zege akaja na fundi wake mkuu, wakasimamisha fimbo ya mita moja uani, wakapima kivuli chake. Robo mita. Fundi akaeleza kwamba kama kivuli cha fimbo ni robo ya fimbo, basi na cha nyumba kitakuwa robo ya nyumba, yaani mita tatu. Kamba yetu ya kwanza iko mita sita kutoka ukutani. Mwenyekiti akaridhika, binti yangu akaitikia kwa heshima, watu wakaagana.

Niliporudi nikauliza jambo moja tu, walipima saa ngapi. Binti yangu akasema saa sita na kidogo.

Nikavua kanga ya begani nikaiweka chini. Saa sita hata mnara wa simu hukalia kivuli chake! Hesabu ya fundi haikuwa na kosa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu akikudanganya kwa uongo, utamshika. Akikudanganya kwa ukweli uliochaguliwa saa yake, unamshukuru na kumsindikiza mlangoni.

Kesho yake, saa tisa, nikang'oa mpini wa ufagio wenye mita moja, nikauchomeka uani mwenyewe. Kivuli kikatoka mita na robo. Zidisha kwa kumi na mbili: mita kumi na tano, kinavuka geti letu mpaka barabarani. Sikungoja hata maji ya kunywa. Nikaenda kumwambia Bwana Zege mbele ya mafundi wake. Fundi mkuu akaja kutazama, akainama, akaanza kucheka. Uwanja wa dobi huinamishwa ili maji ya sabuni yakimbilie mfereji, na mimi nilikuwa nimesimamisha mpini kwa kuufuata mwinamo wa sakafu. Umelala kama mlevi, alisema, na kivuli cha mlevi ni kirefu. Mafundi wakakipokea kile kicheko kwa zamu. Bwana Zege akasema bibi arudi akacheze na wajukuu.

Nikarudi kwa mjukuu kweli, yule wa sekondari. Nilikuwa nimevimba kama andazi. Akanichorea pembetatu mbili, ndogo ya fimbo na kubwa ya nyumba.

"Hizi ni mtoto na mama, Bibi," akasema. "Sura moja, kimo tofauti. Ukimjua mtoto, mama umemjua. Lakini wote wasimame wima, na jua liwapige wakati mmoja. Wewe umemlaza mtoto, Bwana Zege kachagua saa."

Akafunga kibanio cha nguo kwenye uzi, akauning'iniza kando ya mpini, tukaunyoosha mpini mpaka ukaenda sambamba na uzi. Safari hii niliita watu kwanza: mwenyekiti, Bwana Zege, fundi mkuu na tepu yake mwenyewe. Ilipofika saa tisa fundi akapima. Kivuli kilikuwa sawa na mpini, mita kwa mita. Hakucheka. Akasema kwa sauti ya chini kwamba nyumba ya mita kumi na mbili itatupa kivuli cha mita kumi na mbili, kamba zote zimo.

Nikamuuliza Bwana Zege kwa nini siku ile aliwaleta saa sita. Akasema jua ni la Mungu, halina hati. Nikamwambia, "Basi mwache Mungu alitume lifike kwangu, mwanangu. Usilisimamishie ukuta."

Mwenyekiti akamuuliza mjukuu wangu nyumba iishie wapi ili kamba zipone. Kamba ya kwanza iko mita sita, akajibu, basi na nyumba iishie mita sita. Ghorofa moja. Mwenyekiti akakata shauri hivyo hivyo. Binti yangu akaingia ndani kulia kidogo, kisha akatoka kuanua mashuka, yalikuwa makavu.

Bwana Zege alijenga hiyo ghorofa moja, lakini kwa ukaidi akapandisha tangi la maji juu ya paa, pembeni kabisa. Kila alasiri kivuli chake kinaangukia ncha ya kamba ya kwanza, upana wa suruali moja. Sikugombana. Nguo zake huzileta kwetu kufuliwa, na hapo ndipo ninapoanika suruali yake. Akija kuichukua na kuuliza mbona bado mbichi, namwambia aje aipime saa sita.