Shela na Vifurushi Visivyohitajika

Mama Nyuzi aliwasha kompyuta asubuhi hiyo huku akiimba. Kazi iliyobaki ilikuwa upande mmoja tu wa shela ya binti wa wifi yake, na harusi ilikuwa jioni. Cherehani yake ya kudarizi haijui ua wala jani mpaka ielekezwe na programu iliyo kwenye kompyuta. Leo programu ikagoma: eti inategemea kifurushi cha nyuzi, kiprogramu kidogo cha kuisaidia, nacho hakipo.

"Hakipo, kimekwenda wapi?" aliiuliza.

Aliyejibu ni wifi mwenyewe, dada mkubwa wa mumewe, aliyefikia hapo tangu jana. Mama huyo ana ugonjwa wa usafi. Ukiweka kikombe mezani ukageuka, kishaoshwa, na chai yako ndani.

"Jana nilikuwa natafuta nyimbo," alisema polepole. "Ikaniandikia kwamba kuna vitu havihitajiki tena, je, vifutwe? Nikasema, kumbe wifi anaishi na takataka! Nikabonyeza ndiyo."

Dada wa mume hafokewi, sembuse siku ya harusi ya mwanawe. Mama Nyuzi alimfokea moyoni tu, tena kwa kirefu.

Akaketi kutafuta dawa. Alipokiita kifurushi cha nyuzi kutoka kwenye intaneti, kikadai kwanza kiletewe cha rangi. Alipokileta cha rangi, nacho kikadai cha maumbo. Ilikuwa kama kualika mgeni asiyekuja bila ndugu zake, na ndugu nao hawaji bila mashemeji. Hapo kwenye maumbo ndipo mambo yakaharibika: programu ya kudarizi ilitaka toleo la zamani, ya printa ilitaka jipya, na matoleo hayo mawili hayakubali kukaa pamoja.

"Basi printa na ipotelee mbali!" Akaandika amri ya kuiondoa. Kidole kilikuwa juu ya kitufe wifi alipomdaka mkono.

"Soma kwanza, wifi! Mimi jana sikusoma." Akavaa miwani, akainamia kioo. "Itaondoa printa... itaondoa picha... Na hii ya mwisho, si ndiyo ya kudarizi?"

Ndiyo hasa. Programu hizo zilikuwa zimeshikana, na ukiing'oa moja unaondoka na nyingine. Mama Nyuzi aliurudisha mkono mapajani, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Hao ni wake wenza," wifi alisema, naye akicheka. "Kila mmoja mpe nyumba yake."

"Hapo umenena."

Njia hiyo ipo. Mama Nyuzi aliitengea programu ya kudarizi sehemu yake peke yake, akaiwekea humo toleo la zamani, printa ikabaki kwake na lake jipya. Programu ikafunguka. Sindano ikaanza kushuka na kupanda, na wifi akasimama kando akishikilia kitambaa kisiguse sakafu.

Jua lilikuwa limeshageuka bi harusi alipoingia. Akaitazama shela, akayapapasa maua yake. Mama Nyuzi akaikunjua na kumkabidhi wifi, maana ni haki ya mama kumfunika mwanawe.

Wifi aliipokea, akaitazama mikono yake, kisha akamrudishia.

"Mfunike wewe, wifi yangu," alisema, macho yamemlowa. "Mikono hii imegusa vya kutosha."