Mtu wa Kumlisha

Chumba cha Winfred hakikuwa na dirisha. Kilikuwa kati ya mashine ya kufulia na tangi la maji moto, na tangu mwezi wa sita kiyoyozi chake kilipuliza hewa ya vuguvugu tu. Humo ndimo Madam alimotaka nguo za baridi zipakiwe, kwa sababu sebuleni watu walikuwa wakija kutazama samani zinazouzwa. Basi siku ile ya mwisho wa Agosti, mwaka 2014, Winfred aliketi sakafuni, leso kifuani, akikunja sweta za sufu, soksi nene na suruali zenye manyoya kwa ndani. Nyuzi za sufu zilimganda shingoni penye jasho. Alifungua mlango apate hewa, lakini joto la mashine lilikuwa hapo hapo mlangoni.

Madam alikuja na koti jeusi refu.

"Jaribu hili. Lilikuwa langu nilipokuwa mnene."

Winfred alilivaa juu ya leso. Madam akamfungia zipu hadi kidevuni, akarudi nyuma hatua moja, akamwambia ageuke. Akageuka. Jasho lilimtiririka kati ya matiti, likashuka hadi tumboni.

"Linakutosha. Kule mwezi wa kwanza ukitoka bila koti, masikio yanakatika." Akacheka kidogo. "Usilivue kwanza, nataka Mama akuone nalo. Azoee."

Kule kulikuwa mji wa milimani huko Ulaya, alikozaliwa mama yake Madam. Mkataba wa Bwana Konrad katika kampuni ya gesi ulikuwa unaisha Novemba, na badala ya kutafuta mwingine walikuwa wameamua kuhamia huko. Winfred alikuwa ameonyeshwa picha: nyumba za mbao, mlima mweupe nyuma yake, watu waliovaa miwani mikubwa wakiteleza. Madam alisema matajiri wa dunia nzima wananunua nyumba pale, na kwamba hata mkate wa pale ni ghali kuliko mahali popote alipowahi kuishi. Alilisema hilo bila kulalamika.

Mama mwenyewe alikuwa na miaka themanini na mbili. Kiharusi kilimwachia mkono mmoja na maneno machache. Wajukuu zake walimwita Oma, lakini Winfred, ambaye kwao ni Makueni, alimwita Susu, kama Wakamba wanavyomwita nyanya. Alikuwa ameletwa Doha kwa sababu huku ndiko mtu angeweza kupata msaidizi wa kulala chumba kimoja na mgonjwa, usiku na mchana, siku saba kasoro saa tatu za Ijumaa. Kwa miaka mitatu Susu hakula chakula kutoka mkono mwingine. Madam alijaribu, wauguzi wawili walijaribu, mdomo ulifungwa. Winfred aliketi mbele yake, akasema pole pole, "Kula, Susu. Kidogo tu," kwa Kiswahili, akangoja, na mdomo ukafunguka.

Siku ile alipomwona na koti, Susu hakucheka. Alinyoosha mkono mzima, akashika zipu, akaanza kuivuta chini huku akitamka maneno mawili matatu.

"Anasema nini?" Winfred aliuliza.

"Anasema baridi," Madam akajibu. "Ni kwao. Atazoea."

Lakini Winfred alikuwa amesikia pia jina, Vreni, na jina hilo alilijua. Miezi ya nyuma, kwa mkono mmoja na vipande vya maneno, Susu alimweleza juu ya dada yake. Enzi hizo mji ule ulikuwa kijiji cha watu wenye ng'ombe wanne watano. Vreni alikufa mwezi wa kwanza. Ardhi iliganda, jembe halikuingia, wakamlaza ghalani juu ya mbao hadi theluji ilipoyeyuka. Susu alikuwa na miaka kumi na mmoja, na kila asubuhi alitumwa ghalani kuchota nyasi za ng'ombe.

Winfred hakumwambia Madam. Alifikiri mtu na mama yake wanajuana.

*

Ijumaa alikwenda kanisani Abu Hamour, na ibada ilipokwisha Maurice alimsubiri nje penye maegesho. Maurice Omondi alikuwa dereva wa kituo cha kutunza wazee, mtu wa Ahero, mpole, aliyezungumza kama anayehesabu maneno.

"Matron anatafuta mtu," alisema. "Nimemwambia nakujua. Aliniuliza kitu kimoja tu: anaweza kulisha mtu asiyetaka kula? Nikasema huyo ndiye bingwa."

"Na vyeti?"

"Ile kozi ya msaada wa wagonjwa uliyofanya Machakos inatosha. Shida ni enosi. Kafili wako, huyo Bwana aliyekudhamini, akuandikie hiyo barua ya kukuachilia. Bila hiyo, ukitoka nchini hurudi miaka miwili, na hapa hapa hakuna mwajiri atakayekugusa."

Kituoni kulikuwa na zamu. Mtu anafanya kazi, saa zinaisha, anakwenda kulala kwake. Winfred alilifikiria hilo njia nzima ndani ya basi, hata akapitwa na kituo chake.

Jioni alimkuta Madam akibandika karatasi za rangi kwenye vyombo: kijani vinakwenda, nyekundu vinauzwa.

"Madam, nimepata kazi hapa. Kwa wazee. Naomba Bwana aniandikie enosi."

Madam aliweka karatasi chini. Macho yake yakalowa mara moja.

"Winnie, unajua unachosema? Mama atakufa bila wewe. Unataka afe?"

"Hapana, Madam."

"Wewe ni mtu wa nyumba hii. Kule utakuwa na chumba chenye dirisha, utaona mlima ukiamka. Nani kwenu amepata bahati hiyo?"

Winfred alitazama kiti kilichokuwa karibu. Kilikuwa na karatasi ya kijani.

"Nashukuru, Madam," alisema. Usiku huo alimpigia binti yake, aliyekuwa nyumbani likizo, akamwambia atakwenda Ulaya. Binti alipiga kelele za furaha, akamwita nyanya yake aje asikie.

Septemba walikwenda ubalozini kuomba viza. Garini Bwana Konrad alimfundisha la kusema. Aseme anakwenda likizo na familia, miezi mitatu. Aseme atarudi Doha kwenye kazi yake.

"Lakini kazi yangu inahama nanyi."

"Ni namna ya kujaza fomu tu. Tukifika tutalishughulikia."

Mwanamke wa dirishani alimuuliza kwa nini anataka kwenda milimani. Winfred alisema anataka kuona theluji. Alimuuliza atarudi lini. Winfred alisema baada ya miezi mitatu, na sauti yake haikutetemeka, jambo lililomshangaza hata yeye. Viza ilitoka baada ya siku tisa.

*

Mwishoni mwa Oktoba Bwana Konrad alimwita mezani na kumwambia aketi. Hakuwa amewahi kuambiwa aketi pale. Madam alikuwa dirishani, mgongo umegeuka, akitazama boti.

"Tumezungumza na wakili wa kule," Bwana akaanza. "Sheria yao ni ngumu. Mtu akilala na mgonjwa usiku, zile ni saa za kazi. Analipwa usiku, analipwa mchana, anapumzika siku mbili. Majirani wanaripoti. Ukitaka mtu mmoja kama wewe, ni lazima uajiri watatu."

Winfred aliitikia kwa kichwa.

"Kwa hiyo Mama atakwenda kwenye nyumba ya wazee. Nzuri sana, juu kabisa, na wauguzi waliosoma. Na wewe utakwenda nyumbani. Tutakukatia tiketi."

"Bwana, ile kazi ya wazee bado ipo. Matron anasubiri hadi tarehe kumi na tano. Naomba tu barua."

Bwana Konrad alikuna shavu. Hakuwa mtu mkali. Miaka mitatu hakuwahi kumpazia sauti.

"Nilimuuliza mandubu," alisema, akimaanisha karani anayemhangaikia makaratasi serikalini. "Mimi siwezi kufungiwa faili na kuondoka kama wewe bado uko chini ya jina langu. Kukuhamisha kunachukua mwezi, pengine zaidi. Kukufutia kibali cha kukaa ni siku moja. Sisi tunaruka tarehe kumi na mbili."

"Nikifutwa sirudi miaka miwili."

"Ni sheria ya hapa, Winnie. Si mimi niliyeitunga."

Madam alisema bila kugeuka, "Lile koti ubaki nalo."

*

Tarehe kumi na mbili Susu alikataa kuvishwa. Alimng'ata Madam kidole. Winfred aliitwa, akamvisha taratibu, mkono mbovu kwanza, akimwimbia wimbo wa kusukuma muda. Ikaonekana hakuna atakayemfikisha mzee uwanjani bila yeye, basi akapandishwa garini pia.

Kwenye lango la abiria Susu alishika gauni la Winfred na hakuliachia. Watu walianza kutazama. Mhudumu wa kiti cha magurudumu, kijana wa Kinepali, alisimama kando akitazama sakafu.

"Mwambie unakuja," Madam alinong'ona. "Tafadhali. Mwambie uko nyuma yetu."

Winfred alipiga magoti. Uso wa Susu ulikuwa karibu sana, alinusa ile sabuni aliyomwogesha nayo asubuhi.

"Tangulia, Susu," alisema. "Nakuja."

Vidole vikalegea kimoja kimoja. Kiti kikasukumwa. Susu alijaribu kugeuza shingo, lakini upande ule ulikuwa wa kiharusi, na haukugeuka.

Tiketi ya Winfred ilikuwa ya siku saba baadaye, kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi. Pasipoti yake ilibaki kwa mandubu. Loice, mwenzake wa kanisani aliyekuwa akisafisha ofisi, alimpa nusu ya kitanda chake Abu Hamour, katika chumba cha wanawake wanane waliogawana mchana na usiku kwa zamu. Kitanda kilizungushiwa pazia. Nyuma ya pazia Winfred hakujua la kufanya na mikono yake. Saa sita mchana, na saa kumi na mbili jioni, aliamka ghafla akidhani amechelewa kumpa mtu chakula.

Maurice alipiga simu mara moja. Alisema Matron amechukua mtu mwingine, msichana wa Mukono aitwaye Shamira. Akasema pole. Kisha salio likaisha.

Siku ya tano ukaja ujumbe wa Madam. *Mama hajala tangu Jumatano. Daktari anataka kumtia mrija puani. Nimejaribu kusema maneno yako, sijui kuyatamka. Tuma sauti yako.*

Winfred alitoka akaenda kwenye ngazi za jengo, kwa sababu ndani watu wa zamu ya usiku walikuwa wamelala. Alibonyeza simu, akasema, "Kula, Susu. Kidogo tu." Akatuma.

Jibu lilikuja baada ya robo saa. *Ajabu! Aliangalia mlangoni, halafu akala vijiko vitatu. Tuma nyingine. Ndefu, mlo mzima, wauguzi waihifadhi watumie kila siku. Na uchangamke kidogo, hii ina huzuni.*

Loice aliyekuwa akianika nguo kwenye ukingo wa ngazi alisoma juu ya bega lake.

"Usitume."

"Atakufa njaa."

"Ana mtoto wake wa kumzaa. Na wewe una wa kwako. Wao walikuonea huruma?"

Winfred aliirudia simu. Aliandika pole pole, akifuta na kurudia: *Nitatuma, Madam. Naomba Bwana anipe barua. Hata sasa. Mandubu bado ana pasipoti yangu.*

Alama mbili za buluu zikatokea. Ujumbe ulikuwa umesomwa. Wanaume wawili walipanda ngazi na gunia la mchele, akajisogeza ukutani wapite. Simu ikatikisika.

*Konrad anasema kafili akishaondoka hawezi kutia sahihi. Tutazungumza siku nyingine. Sasa ni saa ya chakula chake, wanasubiri.*

Loice alichukua beseni lake akaingia ndani.

Winfred alifuta uso kwa kiganja. Akaketi kwenye kidato, akasafisha koo, akabonyeza.

"Susu, habari ya mchana," alisema. "Leo umependeza. Haya, fungua mdomo. Kula kidogo."

Akanyamaza. Alingoja kama alivyokuwa akingoja, muda wa kutafuna upande ule mzima, muda wa kumeza. Mtu alishuka akiongea na simu, akaruka miguu yake. Winfred aliweka mkono juu ya simu kuikinga na kelele.

"Vizuri. Kingine tena."

Akanyamaza, akangoja.