Orodha ya Ijumaa

Mwaka 2004 Frida alikuwa fundi pekee wa kompyuta katika ofisi ya shirika moja la kuhudumia wakimbizi mjini Kigoma. Kompyuta thelathini na moja, dishi moja la setilaiti juu ya paa, na wafanyakazi ambao kila kitu kikigoma walimwita yeye, hata kama ni waya wa umeme tu uliochomoka. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Alizaliwa Katubuka, na alikuwa binti wa kwanza wa mtaa wao kurudi kutoka Dar es Salaam na cheti cha kompyuta. Jambo hilo mtaa ulikuwa umeshalisahau, lakini yeye hakulisahau.

Mwezi wa tatu mtandao ulikuwa mzito kiasi kwamba mtu angeweza kufungua barua pepe, akaenda kunywa chai, akarudi akaikuta bado inafunguka. Makao makuu wakaagiza iwekwe proksi, yaani kompyuta moja ikae kama mlango, na kila anayetaka kutoka kwenda kwenye mtandao apitie hapo. Ili hilo liwezekane, kila kompyuta ya ofisi ilibidi iambiwe anwani ya mlango huo mpya.

Mara ya mwisho walipobadilisha kitu cha namna hiyo, Frida alizunguka meza kwa meza siku mbili nzima, akiinama mgongoni mwa watu waliokuwa wakinung'unika kwamba anawachelewesha. Safari hii akaamua kuandika skripti: maagizo machache kwenye faili moja, yakae kwenye seva, na kila mtu akiwasha kompyuta yake asubuhi yajitekeleze yenyewe. Andika anwani ya proksi. Iwashe. Kisha funga ukurasa wa mipangilio, mtu asije akaifuta kwa kuchokonoa. Akaijaribu kwenye kompyuta yake, akaijaribu kwenye ya mtunza stoo, ikakubali kote. Alhamisi asubuhi akaiachia.

"Frida, ile kazi ya proksi utaianza lini?" aliuliza Mzee Gervasi, mkuu wa ofisi, akichungulia mlangoni.

"Nimeshamaliza, Mzee."

"Saa ngapi?"

"Ulipokuwa unakunywa chai."

Gervasi akacheka, akaenda kuwasimulia wengine. Frida aliisikia sifa yake ikipita chumba kwa chumba, na akakaa kwenye kiti chake akijiona mkubwa.

Adhuhuri hiyo Egide alifika na gari la kambini. Egide alikuwa Mrundi, mkimbizi yeye mwenyewe, aliyekuwa akisomea kompyuta Bujumbura kabla vita havijamkatiza mwaka wa pili. Kambini shirika lilimpa kazi ya kuandikisha watu waliopotezana na ndugu zao. Kila jioni aliituma orodha ya waliowasili siku ile, kwa dishi la kambini, na hapo Kigoma programu iliilinganisha na majina ya wanaotafutwa katika kambi zote. Jina likigonga jina, watu waliitwa. Siku hiyo alileta laptopu zote tatu za kambini ziwekewe dawa mpya ya virusi. Akazichomeka kwenye mtandao wa ofisi, akaziwasha, na akauona ukurasa wa mipangilio umefungwa.

"Dada Frida," alisema kwa upole wake wa siku zote, "hizi nazo zimeingia kwenye proksi?"

"Zote zimeingia."

"Lakini hizi zinarudi kambini. Kule hakuna huu mlango. Zitautafuta hazitauona, na ukurasa umefungwa, siwezi kuzirudisha. Si ungeweka kwanza iulize: niko ofisini au niko nje? Ni mistari miwili tu."

Kulikuwa na wafanyakazi watatu chumbani. Mmoja wao aligeuka kumtazama Frida aone atajibu nini. Frida alijua, kabla Egide hajamaliza kusema, kwamba ni kweli. Alijua pia kwamba hazijapita saa nyingi tangu watu wamsifu.

"Kaka Egide," akasema, "wewe shughulika na majina. Mambo ya mtandao niachie mimi. Nitaliangalia."

"Sawa, dada."

Alikusudia kweli kuliangalia. Lakini jioni ile kulikuwa na kikao cha maandalizi ya harusi ya mdogo wake, na Ijumaa alfajiri gari la kambini lilikuwa limeshaondoka na laptopu zote tatu.

Ijumaa hiyo waliwasili kambini watu arobaini na wanne kutoka mpakani. Miongoni mwao alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Anésie, amebeba beseni la bluu na nguo mbili ndani yake. Alimwambia Egide kwamba anamtafuta bintiye Iradukunda, aliyepotezana naye njiani miaka miwili nyuma, usiku wa risasi. Egide aliandika kila kitu: jina, kilima walichotoka, yaani kijiji chao, jina la baba, kovu la moto la binti kwenye kiwiko cha kushoto. Jioni akabonyeza kutuma. Haikwenda.

Jumamosi mchana Frida alikuwa nyumbani Katubuka, mikono imejaa unga, aliposikia mtu anabisha hodi. Alikuwa Pastory, mtumishi wa redio ya upepo, ile ya kuongea na kambini, pale ofisini, amekuja na pikipiki.

"Kambini wanasema hawana mtandao tangu jana. Egide anakutaka redioni."

"Ni mvua hiyo. Waambie wazime dishi, wawashe tena."

"Wamefanya hivyo mara nne. Anasema ni skripti yako. Anaomba neno la siri afungue ule ukurasa mwenyewe."

Frida alifuta mikono kwenye kanga taratibu. Redio ile ilisikika katika kambi zote na mashirika yote ya mkoa. Neno la siri halisemwi redioni; hilo lilikuwa kweli, na alilishika kwa nguvu kwa sababu lilikuwa kweli. Angeweza kuomba gari. Kambi ilikuwa mwendo wa saa tatu. Lakini nyuma yake mama mkwe mtarajiwa wa mdogo wake alikuwa amekaa sebuleni, na zaidi ya hapo, kwenda ilikuwa ni kukiri.

"Mwambie Jumatatu nitakuja mwenyewe," akasema. "Orodha ya siku mbili haitaoza."

Pastory akawasha pikipiki.

Jumatatu saa sita mchana Frida alifika kambini. Aliketi mbele ya laptopu ya kwanza, akaufungua ukurasa, akaizima proksi. Zote tatu zilimchukua chini ya robo saa. Orodha ya Ijumaa ikaondoka, na ya Jumamosi, na ya Jumapili. Haukupita muda jibu likarudi kutoka Kigoma, mstari mmoja umekolezwa: Anésie, kilima kile kile, kovu lile lile. Binti yupo, kambi ya pili.

"Mungu ni mkubwa!" Egide alipiga kelele, akakimbilia chumba cha redio kuwaita wenzao wa kambi ya pili. Frida alimfuata huku akitabasamu, moyo wake umeshaanza kupoa, akijiambia kwamba basi, hakuna kilichoharibika.

Sauti ya redio ilikwaruza, ikapotea, ikarudi. Iradukunda alikuwa amekwenda kuuliza habari za mama yake kila mwezi kwa miaka miwili. Mara ya mwisho ilikuwa Jumapili jioni, orodha ikaangaliwa mbele yake, hakuna. Akasema kama mama hayupo Tanzania basi yuko kule. Alikuwa amejiandikisha kwenye msafara wa kurudi Burundi. Malori yaliondoka alfajiri. Saa nne asubuhi yalikuwa yameshavuka mpaka wa Manyovu.

Egide alikiweka chini kipaza sauti cha redio, akatoka nje. Frida akabaki na saa ya ukutani na ramani ya mkoa.

Ilibidi Anésie aambiwe. Alikuja akiwa amejifunga kitambaa safi kichwani, kwa maana alikuwa ameshasikia kelele za Egide na kuelewa zinamhusu. Frida alikuwa Muha. Kiha chake na Kirundi cha yule mama vilikuwa vya nyumba moja, wangeweza kusemezana bila mtu wa kati. Akachagua Kiswahili, akamwacha Egide atafsiri.

"Mwambie mtandao ulikuwa mbovu," alisema akitazama meza. "Mvua ilikuwa kubwa. Tumejitahidi."

Egide akamgeukia Anésie, akatafsiri neno kwa neno, hakupunguza wala kuongeza. Frida aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka kwenye kinywa cha mtu aliyejua kwamba ni ya uongo, katika lugha ndugu ya ile aliyonyonya kwa mama yake.

"Ego," alisema Anésie, yaani ndiyo. "Mvua." Akauliza kama binti alikuwa mzima. Wakamwambia alikuwa mzima, na alikuwa na mtoto mgongoni. Anésie hakuwa akijua habari za mtoto. Akakaa chini sakafuni.

Kwenye taarifa Frida aliandika "hitilafu ya mawasiliano, imerekebishwa". Mzee Gervasi alitia sahihi bila kuuliza. Wiki ile ile Frida aliongeza ile mistari miwili kwenye skripti. Ikafanya kazi kama Egide alivyosema. Egide hakumsema popote. Aliendelea kumwita Dada Frida, ila hakumpa tena ushauri wa kompyuta, hata pale Frida alipomwomba.

Walituma ujumbe wa kumtafuta Iradukunda upande wa pili. Baada ya miezi mitano jibu lilirudi: alifika kilimani kwao Makamba, akakuta nyumba ina watu wengine, akalala siku mbili kwa jirani, akaondoka kuelekea Bujumbura na mtoto wake. Kutoka hapo hakuna aliyejua. Frida mwenyewe ndiye aliyelichapa jibu hilo na kulipeleka kambini.

Mwaka uliofuata Anésie naye alijiandikisha kurudi. Frida aliliona jina kwenye orodha ya msafara, akaomba gari, akafika kambini malori yakiwa yanapakiwa. Alimkuta kwenye foleni na akamwamkia, kisha akasema kwa Kiha, bila mkalimani:

"Mama, haikuwa mvua. Ni mimi. Nilifunga kompyuta vibaya, nikaonywa, nikaona aibu kurekebisha. Nikakudanganya."

Foleni ilisogea, Anésie akasogea, na Frida akasogea pamoja naye.

"Kumbe unakisema," alisema mama yule. "Mwaka mzima unakisema."

"Ndiyo, mama."

"Siku ile ningekuuliza mengi. Ningekuuliza wewe mwenyewe, si yule kijana." Akasogea tena. "Sasa nimeshachoka kuuliza."

Zamu yake ilipofika, mwanamume mmoja alimshika mkono kutoka juu ya lori, naye akapanda. Hakugeuka. Lori lilipojaa likafungwa turubai, na msafara ukashika njia ya Manyovu.

Frida alifanya kazi katika ofisi ile miaka mitatu zaidi, mpaka kambi ya Egide ilipofungwa na Egide naye akaondoka. Kila mwezi aliuliza upande wa pili kama kuna habari ya mama na binti wa Makamba, na kila mwezi alijibiwa kwa heshima kwamba wanaendelea kutafuta.