Kufuli la Mchungaji

Tangu tufunge ndoa mume wangu namwita Mchungaji, hata ninapomkumbusha kwamba chumvi imeisha. Ni mtu mwema, mkarimu, ila akishakata shauri humgeuzi hata umvute kwa kamba. Kwa hiyo ilipotoka sheria kwamba shule zote za dini zitakaguliwa, na isiyofaa ifungwe, nilijua nyumbani kwangu amani imekwisha.

Jumapili ile alipanda mimbarini akasema shule hii aliianzisha yeye na Mungu wake, katika chumba cha nyuma cha kanisa, wakati serikali haijui hata njia ya kufika kwetu. Leo watoto wanafaulu, ndipo serikali inakuja na kalamu. Waumini wakapiga makofi. Mzee wa kanisa, ambaye sisi wanawake tunamwita Mzee Ndiyo kwa kuwa hajawahi kumkatalia Mchungaji neno, alipiga makofi mpaka miwani ikamdondoka. Mimi sikupiga. Nilikuwa nawaza mlango wa bweni.

Bweni la wasichana lilikuwa na mlango mmoja tu, wa chuma, na madirisha yenye nondo. Wakati wa mapumziko ya mchana, na tena usiku, Mlezi wa bweni aliufunga kwa nje kwa kufuli kubwa kama ngumi ya mtu mzima, kisha akauvaa ufunguo shingoni. Wazazi walilipenda kufuli lile. Zamani wezi waliwahi kuingia wakabeba mpaka mashuka, na tangu lilipowekwa hakuna msichana aliyepoteza hata kandambili.

Lakini mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, alikuwa analala humo, na ana pumu. Siku moja aliniambia, wala hakuwa analalamika, kwamba kifua kikimbana na mlango umefungwa, yeye hulala sakafuni na kuweka pua kwenye upenyo wa chini ya mlango, maana hapo hewa inapita. Nilimpelekea Mchungaji habari hiyo akiwa anakunywa chai. Akasema mtoto anadeka, na Mungu ndiye mlinzi wetu sote. Nikamuuliza, kama Mungu ndiye mlinzi, kufuli ni la nini? Akakoroga chai yake mpaka ikapoa.

Tulitazamia mkaguzi awe bwana mwenye tai na kitambi. Aliyeshuka garini alikuwa Kwa Nini. Jina hilo tulimpa sisi wenyewe alipokuwa msichana wa bweni lile lile, maana ungemwambia jua linachoma, naye angekuuliza kwa nini. Mchungaji ndiye aliyemfundisha kusoma.

"Shikamoo, Mchungaji," alisema.

"Marahaba," Mchungaji akajibu, na nikaiona fahari na hasira zikigombania uso wake.

Alikagua madarasa, jiko, vyoo na kisima, na kila mahali akasifu. Mchungaji alimfuata nyuma akimuuliza kama sasa wizara ndiyo itakayochagua nyimbo za ibada. Kwa Nini alitabasamu tu. Ila tulipofika bwenini alisimama, akalishika lile kufuli.

"Mtoto akiwa ndani, mlango huu anaufunguaje?"

"Haufungui. Ndiyo kazi ya kufuli."

"Basi shule siwezi kuipitisha, Mchungaji."

Mchungaji akawaka. Akasema leo mlango, kesho mtatufundisha kusali, na kama ni hivyo afadhali aifunge shule kwa mkono wake mwenyewe. Kwa Nini hakupandisha sauti.

"Sijaja kukagua sala. Sala ulinifundisha wewe, na naisali mpaka leo. Nimekuja kukagua mlango."

Mume wangu hatishii bure. Shule ikifungwa, wasichana wetu wangerudi kukaa majumbani, maana shule nyingine ya kuwachukua haikuwapo karibu. Ikibaki ilivyo, mjukuu wangu angeendelea kulala na pua kwenye vumbi. Sikutaka hili wala lile, na hasira ndiyo iliyonipa akili. Nikasema mbele ya wote: kama mlango huu ni salama, tuingie sisi watu wazima, Mlezi afunge kama desturi, kengele ya hatari ipigwe, tuone tutatokaje.

"Au unaogopa, Mchungaji?" nikamuuliza.

Mke akikuuliza hivyo mbele za watu, huna pa kurudi nyuma. Aliingia, Mzee Ndiyo akamfuata kwa mazoea, nami nikafunga msafara. Wasichana walikuwa madarasani. Mlezi akabana kufuli, akaenda zake jikoni. Kwa Nini, aliyebaki nje, akampungia mkono mpiga kengele.

Sasa, kengele yetu ina historia. Mwaka ule upepo ulipong'oa mapaa ya madarasa, watu wote walikimbilia kanisani wakapona. Tangu hapo Mchungaji akaweka amri: kengele ya hatari ikilia, kila mtu aache alichoshika, akimbilie kanisani, apige magoti na kusali kwa sauti, na asiinuke yeyote mpaka Mchungaji mwenyewe aseme Amina. Amri hiyo kwetu inashikwa kuliko zile kumi.

Kengele ikalia. Kupitia nondo tukawaona wasichana wanamiminika kuelekea kanisani, walimu nyuma yao, mpishi na mwiko wake mkononi, na mbele ya wote Mlezi, mtiifu wa watiifu, anakimbia na ufunguo unamrukaruka kifuani. Mchungaji alimwita kwa nguvu zake zote. Hakugeuka. Punde sala zikaanza kuvuma.

"Watamaliza sasa hivi," alisema Mzee Ndiyo.

"Hawamalizi," nikamwambia. "Wanasubiri Amina."

"Ya nani?"

Nikamwonyesha Mchungaji kwa kidole.

Mchungaji alishika nondo, akaita Amina kuelekea kanisani, mara ya kwanza kwa heshima, kisha kwa kelele. Watu wanaosali kwa sauti watakusikiaje? Joto la mabati lilikuwa linatushukia vichwani. Aliusukuma mlango kwa bega, akaupiga teke, mlango ukakaa kimya. Mzee Ndiyo aliketi kitandani akijipepea kwa kofia.

"Hapana, Mchungaji," alisema. "Mlango huu, hapana."

Neno hilo lilimshtua mume wangu kuliko kufuli. Akainamisha kichwa, na hapo ndipo alipoona, chini kabisa kwenye kona ya mlango, rangi imefutika mahali padogo, upana wa uso wa mtoto. Akaniuliza ni nini.

"Hapo ndipo mjukuu wako anapohemea."

Alipiga magoti. Nilidhani anataka kusali, lakini alijilaza kifudifudi na suti yake ya ukaguzi, akaweka pua pale. Alipoinuka alikuwa na vumbi shavuni na macho yamelowa.

"Nilisema anadeka," alisema.

Nilimpangusa lile vumbi. Nampenda mtu huyu, na nilijua amekwisha kujipiga mwenyewe vya kutosha.

Huko kanisani, kama nilivyosimuliwa baadaye na mpishi kwa kicheko, Kwa Nini alikuwa ameinama karibu na Mlezi kumwomba ufunguo. Mlezi alitikisa kichwa bila kufumbua macho. Akajaribu kwa walimu, ikawa hivyo hivyo. Basi yeye, aliyelelewa katika amri ile, akapanda mimbarini, akavuta pumzi, akasema, "Amina." Kanisa zima likainuka. Mlezi alifumbua macho, akaona ni nani amesema, akakumbuka ni nani amefungiwa, akatoka mbio mpaka kiatu kimoja kikabaki njiani.

Mchungaji alitoka ameloa jasho. Watu wote walikuwa wamekusanyika uani. Akauliza ni nani aliyesema Amina. Kwa Nini akatazama chini kama zamani darasani, akasema ni yeye. Tukangoja. Hata kuku wa jikoni nadhani walingoja.

"Basi leo serikali imesema Amina," alisema Mchungaji, akaanza kucheka, kicheko cha tumboni ambacho sikuwa nimekisikia tangu tulipokuwa vijana. Akalichomoa kufuli mlangoni, akamkabidhi Kwa Nini. "Chukua. Nenda nalo wizarani."

Msidhani alisalimu amri yote. Alimkalisha Kwa Nini sebuleni kwetu, akamwambia milango atatengeneza, lakini nyimbo, vitabu na sala ni vya kanisa, hapo hakubali kuguswa. Kwa Nini akamjibu kwamba sheria yenyewe inasema hivyo hivyo, kwenye ukurasa wa pili. Mchungaji akanitazama. Mimi nikaangalia dari, maana nilijua aliishia wa kwanza.

Mchomeleaji alikuja kesho yake. Bweni sasa lina milango miwili, yenye makomeo ya ndani, na wezi tumewajengea ukuta na kuwawekea mlinzi. Siku Kwa Nini alipoleta cheti cha usajili, waumini walijaa uwanja mzima, na Mchungaji akatangaza amri mpya ya kengele: tokeni kwanza, msali mkiwa nje. Kisha, wasichana wakiwa bwenini, akaipiga yeye mwenyewe.

Milango yote miwili ilifunguka kwa kishindo. Mjukuu wangu ndiye aliyesukuma komeo la kwanza, kwa mkono mmoja, akatoka mbele ya wenzake wote akicheka, wakapanga mistari uwanjani na kusali huku upepo unawapepea nguo. Walipomaliza wakanyamaza, wakamtazama Mchungaji. Amri ya zamani ilikuwa bado imewakaa magotini.

"Babu, sema Amina," mjukuu wangu alimwambia.

"Semeni wenyewe," akajibu.

Wakaisema, uwanja mzima, na sauti ya mjukuu wangu niliisikia juu ya zote.