Sauti ya Pili, Upande wa Kushoto

Kiongozi wa kwaya, ambaye waimbaji walimwita Bwana Masikio kwa jinsi alivyojigamba kusikia hata kosa la mtu aliye chumba cha pili, alikuwa na adui mmoja: sauti ya pili. Wanawake hao walisimama kushotoni kwake, na kwa miaka miwili aliwashukia kama mwewe. "Mnaimba au mnapuliza uji?" Watatu aliwafukuza kwa uvivu. Wa nne naye angemfukuza, ila huyo alikuwa mkewe.

Siku moja, katikati ya wimbo, sakafu ikamkimbia, akaukumbatia ukuta. Vipimo vikaonyesha uvimbe kama harage kwenye neva ya sikio la kushoto, ile ya kusikia na ya kuushika mwili usiyumbe.

"Si saratani," daktari alisema, mkewe akiwa kando. "Tutaupiga mionzi usiendelee kukua."

"Na sikio lililoziba litafunguka? Bila sikio, daktari, mimi ni wa kupungia magari njia panda."

"Kilichokwenda hakirudi, mzee wangu. Tunalinda kilichobaki, na hata hicho siwezi kukuahidi."

Bwana Masikio aliitikia kama aliyeelewa. Siku ya matibabu walimfunika uso kwa barakoa ngumu iliyobanwa kwenye kitanda, asitikisike. Mtu asiyenyamaza hata akiwa usingizini akalala kimya. Hakuhisi chochote. Alipotoka, akaitangazia kwaya: "Sikio jipya! Sasa uvivu wenu nitausikia hadi kwenye mifupa."

Mkewe akawanong'oneza wenzake jambo.

Mazoezi yalipoanza na mkono wake ukapanda, sauti ya pili wakapanua vinywa, wakayumba kwa hisia, wasitoe hata mlio wa mbu.

"Naam!" akapaza sauti. "Mnaona? Leo ndiyo mnaimba!"

Wanaume wa nyuma wakaangua kicheko. Akamgeukia mkewe. Midomo ilikuwa ikicheza, lakini ile shingo aliyoijua tangu ujanani ilikuwa imetulia tuli. Mkono ukashuka wenyewe.

"Mama watoto," akasema taratibu, "tangu lini sikio hili halisikii?"

"Tangu kabla hujamfukuza yule wa kwanza. Hebu njoo huku utusikie."

Akazunguka, akawaelekezea sikio la kulia. Wakaimba. Waliimba vizuri, jamani, vizuri hata akatafuta kiti.

"Wale watatu warudi," akasema.

"Utawafuata mwenyewe, na uwaombe radhi kwa sauti. Wao masikio yote mawili ni mazima."

Akakubali. Akawahamishia sauti ya pili kulia na sauti ya kwanza kushoto, wakaanza upya. Ubeti haujaisha, tayari alikuwa amekunja uso.

"Na nyinyi wa kushoto, mbona..."

Akayaona macho ya mkewe. Lililobaki akalimeza.