Maumivu ya Mama Kamande

Jumanne asubuhi Chelagat, daktari wa ganzi, aliegesha gari nyuma ya hospitali, akamaliza ndizi aliyotoka nayo nyumbani Kiamunyi, akaingia thieta kulaza mkono wa Mama Kamande. Mkono, si mwenye mkono. Mama Kamande alikuwa na pumu ya vumbi la mbao, na kumlaza mzima mzima kungekuwa kucheza na kifua chake. Wengine wangemlaza hivyo hivyo, wamwachie Mungu. Chelagat hakupenda kumsumbua Mungu kwa kazi aliyoisomea mwenyewe.

Aliweka mashine ya picha juu ya mtulinga, akaikuta mishipa ya fahamu imebanana kama njugu kwenye ganda. Akapitisha sindano kando yake bila kuigusa hata mmoja, akamwaga dawa.

"Hapo sasa," alijiambia. Alikuwa akijisifu, na haki alikuwa nayo. Kisha akapitisha pamba ya spiriti kwenye kiganja. "Mathe, unasikia baridi?"

"Ni kama unapangusa mkono wa jirani," alijibu Mama Kamande.

Muda si muda maumivu yakamtoka begani. Yakashuka kitandani, yakanyoosha aproni iliyojaa vumbi la mbao, yakaenda kukaa kwenye benchi la nje, kwa kuwa thieta haiingiwi na viatu vya barabarani. Mitchelle, muuguzi wa zamu, akayapelekea chai.

Nakuru kila mtu anajua mambo haya. Maumivu yaliyotolewa kwa ganzi husubiri nje. Aliyeyasababisha akija akasema pole, yanakwenda zao moja kwa moja. Asiposema, ganzi ikiisha yanarudi kwa mwenyewe. Kwa kawaida hilo si jambo gumu. Huku kwetu pole ni ya bure: ukijikwaa barabarani, watu usiowajua watakupa pole kutoka ng'ambo, na hakuna hata mmoja aliyekutega.

Mama Kamande alibaki macho muda wote, akimtazama daktari Ogada akiunga kano zilizokatwa na msumeno.

"Hicho kidole cha mwisho ukifunge vizuri, daktari," alisema. "Ndicho cha kugeuzia chapati. Uliza mtu yeyote mtaani kwetu, Section 58."

"Nimesikia, mama," alisema Ogada, na kwa kweli akakishughulikia kuliko vingine.

Baada ya kazi Mama Kamande alipelekwa wodini. Maumivu yakafuata na kikombe chao mkononi, yakakaa kwenye benchi karibu na mlango.

Alasiri Bwana Hiram alifika na mfuko wa matunda. Kiwanda cha mbao kilikuwa chake. Yeye ndiye aliyeamuru kifuniko cha msumeno kitolewe, eti kinachelewesha kazi. Maumivu yalimtambua, yakasogea kumpa nafasi. Lakini wakili alikuwa amemwonya Hiram mapema: ukisema pole, umekubali kosa.

"Mungu ni mwaminifu," alisema Hiram akiwa wima.

"Ni mwaminifu," alijibu Mama Kamande. Akangoja. Maumivu yakaweka kikombe chini, nayo yakangoja.

"Tunakuombea kule kazini."

"Asanteni."

Hiram alitafuta neno, akaishia kwenye Kizungu, lugha ambayo haina pole. "Kwiki rikavari," alisema, yaani apone haraka. Alipogeuka kuondoka, kidole chake cha mguu kikagonga chuma cha kitanda, mlio ukasikika wodi nzima.

"Pole, mzee," alisema Mama Kamande.

Neno lilimtoka kabla hajafikiri, ndivyo alivyolelewa. Kitanda siku hiyo kilikuwa chake, kwa hiyo pole yake ilitosha. Maumivu ya kidole yakapenya kwenye soksi ya Hiram, madogo na ya kiungwana, yakamshukuru mama, yakatoka nje na kushika njia. Hiram hakuchechemea hata kidogo. Wodi nzima ikamtazama.

"Asante," alisema, akaenda zake.

Jua lilipokuwa likishuka, vidole vya Mama Kamande vikaanza kuwasha. Maumivu yakasimama, yakapiga hodi. Chelagat hakuwa ameenda nyumbani. Alikuwa ameacha mpira mwembamba pale begani, kando ya mishipa, na sasa akaongeza dawa kidogo.

"Hayatakuvamia," alisema. "Nitayaingiza mguu mmoja mmoja."

"Karibuni," Mama Kamande aliyaambia maumivu. "Nyinyi ni wangu, sikuwaiba kwa mtu. Lakini kwangu mtu hukaa kwa adabu."

Yakaingia kwa adabu. Akajaribu mkono, na kidole cha mwisho kikainuka, kikainama, kikainuka tena. Alikishika hewani kwa muda, wodi yote ikione. Chelagat naye akajivutia kiti akae akitazame, na furaha yake hakuificha.

Msumeno ulibaki uchi vile vile. Wiki iliyofuata ulimpata Kiprotich, wa kiwanda hicho hicho. Chelagat akaulaza mkono wake vizuri kabisa, maumivu yakatoka na vumbi la mbao kichwani, yakakaa kwenye benchi. Yakauliza ni kwenye dirisha gani watu hupewa pole.

"Ganzi iko," alisema Chelagat, akivua glavu, kifua mbele. "Tena huku kote hupati ya kuishinda. Pole ndiyo bado haijaletwa."

Mitchelle akayapelekea chai.